Kile ambacho wakili hakisemi kwenye kesi za haki za uzazi

Kwenye kitengo chetu cha elimu ya sheria tunaulizwa sana nani yuko sahihi kwenye kesi za utoaji mimba za Marekani, na mimi huwa nawaambia watu subiri kwanza, soma hoja utafute pengo kati ya sababu na hitimisho, maana hapo ndo dhana imejificha.

Chukua hii: "Katiba haijataja utoaji mimba, kwa hiyo sio haki ya kikatiba." Inaingia akilini eeh? Ila imeruka hatua, imechukulia kwamba haki lazima iandikwe kwa jina lake, wakati Marekebisho ya 9 ya Katiba ya Marekani, ya 1791, yanasema kuorodhesha haki baadhi sio kuzikana zingine walizonazo wananchi. Sasa tuwe wakweli, majaji walio wengi kwenye Dobbs (2022), kesi ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema Katiba hailindi haki ya kutoa mimba, hawakuishia hapo, walikubali haki isiyotajwa inaweza kulindwa bora iwe na mizizi kwenye historia na mila za taifa, wakaenda kupekua sheria zilizokuwepo 1868, mwaka yalipopita Marekebisho ya 14, yanayolinda uhuru wa mtu dhidi ya majimbo. Na hapo kuna dhana nyingine imekaa kimya, kwamba historia ya wakati ule inafaa kuwa kipimo. Majaji watatu waliopinga waliikamata hiyo hiyo: waliopitisha marekebisho hayo walikuwa wanaume, na wanawake kura ya nchi nzima waliipata 1920.

Upande wa pili, wanaotetea haki ya kutoa mimba, nao wasicheke. "Mwili ni wake, serikali isiguse kabisa" inachukulia hakuna maslahi mengine ya kuwekwa kwenye mizani, na hata Roe v. Wade ya 1973, kesi iliyotambua haki ya kutoa mimba kabla ya Dobbs kuifuta, haikufika huko, ilisema maslahi ya serikali yanaongezeka mimba inavyokua.

Mbinu yangu ni kuikana ile dhana halafu naangalia hoja kama bado imesimama. Kesi ya Griswold ya 1965, ya mahakama hiyo hiyo, ililinda wanandoa kutumia uzazi wa mpango, na ilizungumzia sana faragha ya ndoa. Haya, kwa asiye na ndoa je? Ukisema haki inatoka kwenye ndoa, yeye hana chake. Kana hilo, sema haki ni ya mtu mwenyewe, na katazo la Massachusetts la kuwapa wasio na ndoa dawa hizo linabaki halina miguu. Kwenye Eisenstadt v. Baird, 1972, mahakama ilienda huko huko: faragha ni ya mtu binafsi, awe na ndoa au asiwe nayo.