Maadili ya askari: yanayosemwa kijiweni na yaliyopo kwenye sheria

"Askari hana kosa, alitii amri." Hii utaisikia kila mahali, hata kwa wastaafu. Lakini sheria ya ulinzi inamtaka askari atii amri iliyo halali, si kila linalotoka kinywani mwa mkubwa. Tangu kesi za Nuremberg za 1945 na 1946, walikoshtakiwa viongozi wa Wanazi wa Ujerumani, kujitetea kwa "nilitumwa" hakutoshi. Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai na ambao Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zimeuridhia, unahesabu amri ya kufanya mauaji ya kimbari kuwa haramu waziwazi, na kamanda aliyejua akanyamaza naye anajibu.

Machi 16, 1968, wanajeshi wa Marekani waliua mamia ya raia kijijini My Lai, Vietnam. Luteni William Calley alidai alitekeleza amri; mwaka 1971 akatiwa hatiani. Siku ile ile rubani Hugh Thompson alitua na helikopta yake kati ya wanajeshi wenzake na wanakijiji, akawaambia watu wake wawafyatulie Wamarekani wenzao risasi iwapo wangeendelea kuua. Nishani alipewa mwaka 1998, miaka 30 baadaye.

"Wapewe semina ya haki za binadamu, mambo yataisha." Wafadhili wanaipenda sana dhana hii, na mimi ndiyo inayonikera kuliko zote. Vietnam askari walikuwa na vikadi mfukoni vyenye kanuni za kumtendea mateka. Havikumwokoa mtu My Lai.

Karibu na kwetu kuna Minova, kando ya Ziwa Kivu. Novemba 2012, Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, jeshi la Kongo lilirudi nyuma hovyo hadi mji huo, likapora na kubaka wanawake na wasichana zaidi ya 100. Umoja wa Mataifa ulivitaja vikosi vilivyohusika, kikiwemo kikosi cha 391, ambacho Wamarekani walikifundisha Kisangani mwaka 2010, somo la haki za binadamu likiwemo. Darasa lilikuwepo. Siku ile mtiririko wa amri ulikuwa umekatika, na anayetakiwa kusema "acha" hakuonekana. Hukumu ilipotolewa Goma mwaka 2014, na mahakama ya kijeshi, askari wawili tu ndio waliotiwa hatiani kwa ubakaji. Kuruti anayesikia habari hiyo anajifunza kitu, na si kile kilichoandikwa kwenye mtaala.

"Maadili ni somo la depo (mafunzo ya awali ya kuruti), ukivaa nyota umemaliza." Kinyume chake. Tanzania, ofisa mwanafunzi huanzia Monduli, baadaye ukamanda na unadhimu (kupanga na kuratibu kazi za jeshi) Duluti, na wakubwa huenda Chuo cha Taifa cha Ulinzi, Kunduchi, ambako tangu 2012 wanasoma pamoja na viongozi wa kiraia. Cheo kikipanda, kosa la mtu mmoja linaua wengi zaidi.

"Sheria za vita zinamfunga askari mikono." Zinamfunga asipige raia, hospitali na mateka; kupigana na adui hazimzuii. Adui anayejua hatauawa akinyoosha mikono husalimu amri mapema, na hilo kila mpiganaji analielewa. Itifaki ya Kwanza ya 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva kuhusu sheria za vita, inataka makamanda wawe na washauri wa sheria, ili swali la nani anapigwa liulizwe kabla kombora halijarushwa.