Kifupisho Kinaokoa Muda wa Nani?

"Nmlpa jana lkn cjapata rst. Nfnyje?"

Meseji hii iliingia asubuhi kwenye dawati letu la huduma kwa umma, ikasomwa na watu wawili. Wa kwanza akasoma, "Nimelipa jana lakini sijapata risiti," akaanza kuyatafuta malipo kwenye mfumo. Mwenzake wa meza ya jirani akachungulia, akasema, "Hapana, huyu anasema nilimlipa." Ukidhani tu kwamba kidole kiliruka "l" moja, meseji ni ileile, ila sasa kazuka mtu wa tatu aliyepokea hela, na kama yupo, basi mfumoni hakuna cha kutafuta. Nusu siku ilipita kabla hatujajua nani kasoma sawa. Kisa hicho nitakimalizia baadaye, maana na sisi wenyewe hatukutoka humo bila doa.

Kazi yangu ni kuhariri maandishi yanayotoka kwenye taasisi kwenda kwa wananchi, na kusoma yale yanayorudi. Napita katika vifupisho kutwa nzima na sina ugomvi navyo. Navitumia hata mimi nikiandikiana na ndugu zangu. Ninachojiuliza kila nikikutana nacho ni hiki tu: ufupi huu umemwokolea nani muda, na nani ameulipia?

Enzi za telegramu jibu lilikuwa wazi. Telegramu ilitozwa kwa idadi ya maneno, kwa hiyo aliyefupisha aliokoa fedha zake mwenyewe. Wapokezi na watumaji wa telegrafu nao walikuwa na vifupisho vyao vya kazi. Mwaka 1879 Walter P. Phillips wa Marekani alichapisha orodha yake kwa ajili ya kupeleka habari za magazeti haraka, na humo ndimo ilimotoka SCOTUS, herufi ambazo waandishi wa habari wanazitumia mpaka leo kwa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo.

Ikaja meseji ya simu. Ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ikiwa na salamu za Krismasi. Wengi wanakumbuka kikomo cha herufi 160 bila kujua kilitoka wapi. Kila meseji ilipewa nafasi ya baiti 140 za data (baiti moja ni biti nane), yaani biti 1,120, na kila herufi ilichukua biti 7. Gawanya, utapata 160. Ukizidisha hata nukta, unakatwa bei ya meseji mbili. Na ukiweka alama moja tu iliyo nje ya orodha ya herufi zilizokubaliwa, kikatuni cha uso unaocheka kwa mfano, nafasi yote inashuka hadi herufi 70. Twitter nayo, iliyoanza mwaka 2006, iliweka herufi 140 ili ujumbe utoshe kwenye meseji ya simu, ikibakiza 20 za jina la mtumaji. Iliongeza hadi 280 mwaka 2017. Katika mazingira hayo "lkn" badala ya "lakini" ilikuwa akili, wala haikuwa uvivu.

Siku hizi ujumbe mwingi unapita kwenye intaneti, hakuna anayehesabu herufi, na kibodi ya simu inakumalizia neno kabla hujafika nusu. Sababu ya bei imeondoka, mazoea yamebaki. Gharama nayo haikutoweka. Imehamia kwa msomaji, anayekaa kufumbua alichofumbiwa.

Kwa Kiswahili gharama hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu ya irabu. Neno la Kiswahili limejengwa kwa silabi ambazo nyingi huishia na irabu, na katika kitenzi irabu hizo hubeba mambo mazito: nani katenda, lini, na kama ametenda kweli. Tazama "hjafka". Ni "hujafika" au "hajafika"? La kwanza ni wewe unayeulizwa, la pili ni habari za mtu mwingine. Tazama "akpga". Ukilisoma "akipiga", mtu bado hajapiga simu na unaambiwa la kufanya akipiga. Ukilisoma "akapiga", simu imeshapigwa na mambo yamepita. Muktadha husaidia mara nyingi, nakubali, lakini muktadha wenyewe humkaa zaidi mwandishi kichwani kuliko msomaji.

Kuna pia ile "c" ya kukanusha: cjui, cpo, cjalipa. Herufi moja nyembamba, ambayo kidole kinaweza kuiruka, ndiyo inayotenganisha ndiyo na hapana. Kinachonifurahisha ni asili yake. Kiswahili sanifu hakina "c" inayosimama peke yake. Ipo ndani ya "ch" tu. Anayeandika "cjui" ameazima jina la herufi hiyo kwa Kiingereza, akalitia mahali pa kiambishi chetu "si-". Anayeandika "2taonana" amefanya vivyo hivyo kwa jina la namba. Ni ufundi wa lugha mbili ndani ya kitenzi kimoja, na wanaoufanya wala hawajishughulishi kuufikiria.

"Xaxa" je? Ihesabu: herufi nne. "Sasa" nayo ni herufi nne. Hapo hakuna kilichofupishwa. Anayeandika "xaxa" anavaa sare ya kundi lake, kama vijana wa kila zama walivyokuwa na maneno yao ambayo wazazi hawakuyapata. Ndiyo maana sioni faida ya kuwakemea kwa madai ya uvivu. Tatizo huja pale sare hiyo inapovaliwa kwenye barua ya maombi ya kazi, au inapotumwa kwa mtu asiye wa kundi.

Lugha yenyewe haina shida na kufupisha. Vifupisho vya kuandikia tunavyo miaka mingi: n.k., k.m., taz., uk., S.L.P., Dkt. Hivi havimchanganyi mtu kwa kuwa kila msomaji keshakubaliana na mwenzake juu ya maana yake. Akronimu, ambazo hutamkwa kama neno, tunazo nyingi na tuna namna yetu ya kuziunda. Kiingereza huchukua zaidi herufi ya kwanza ya kila neno. Kiswahili hupenda kuchukua silabi, ili kinachopatikana kitamkike. TEHAMA imetoka katika teknolojia ya habari na mawasiliano, BAKITA katika Baraza la Kiswahili la Taifa. Tungefuata herufi za mwanzo peke yake tungepata konsonanti zilizogongana, zisizo na pa kuvutia pumzi.

Na nyingine hukua zikasahau zilikotoka. UKIMWI ilianza kama ufupisho wa "upungufu wa kinga mwilini", kwa herufi kubwa zote. Leo wengi huandika "ukimwi" kama jina lolote la ugonjwa, na hulipatanisha kwa "u-" bila kusita: ukimwi unazuilika. Rada nayo ilikuwa akronimu ya Kiingereza kabla haijafika kwetu ikiwa neno kamili.

Huko mitandaoni hatari haiko kwenye vifupisho vigeni peke yake. Hatari zaidi ni vile ambavyo kila mtu anadhani anavijua. David Cameron, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, alikuwa akimalizia baadhi ya meseji zake kwa LOL, akiamini ni kifupi cha "mapenzi tele" (lots of love), hadi mwandikiwa, Rebekah Brooks, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya magazeti, alipomweleza kuwa ni kucheka kwa sauti (laugh out loud). Mwenyewe Brooks alilisema hilo mbele ya tume ya uchunguzi mwezi Mei 2012. Fikiria LOL hiyo chini ya ujumbe wa rambirambi. PM nayo inaweza kuwa waziri mkuu, ujumbe wa faragha, au saa za baada ya adhuhuri, kutegemea nani anasoma. (Kwa wanaodhani OMG, yaani "Mungu wangu!" kwa Kiingereza, imeletwa na watoto wa simu janja: imo katika barua ambayo Lord Fisher, amirali wa Uingereza, alimwandikia Winston Churchill mwaka 1917.)

Nikitaja rambirambi, niseme langu. RIP ni herufi za Kilatini zenye heshima zake, zimechongwa makaburini karne nyingi. Lakini mfiwa akifungua simu na kukuta RIP, RIP, RIP arobaini zimepangana, anajua kila mmoja alitumia sekunde ngapi. "Pole sana" ni herufi nane.

Penye madhara ya kweli ni kwenye OTP, zile namba za kuthibitisha ni wewe zinazotumwa kwa meseji. Benki na mitandao ya simu hutuma onyo: usimpe mtu OTP yako. Onyo ni zuri, ila limeandikwa kwa neno ambalo mlengwa hana. Tapeli analijua pengo hilo, ndiyo maana yeye hasemi OTP. Anapiga simu kwa sauti ya upole: "Kuna namba sita zimeingia kwenye simu yako sasa hivi, naomba unisomee." Mtu aliyeonywa juu ya OTP anazisoma zote sita, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba namba hizo ndizo OTP. Tapeli kazungumza lugha ya mteja, taasisi ikazungumza lugha ya ofisi. Onyo lingesema, "Namba unayotumiwa kwa meseji ili kuthibitisha ni wewe, usimsomee mtu yeyote, hata akisema anatoka kwetu," lingechukua mstari mmoja zaidi.

Kwa anayeandikia umma, kanuni ya wahariri inatosha: kitaje kirefu mara ya kwanza, kifupi kifuate, na kama hutakitumia tena usikilete kabisa. Kumbuka pia wasomaji wasiotumia macho. Programu zinazowasomea kwa sauti watu wasioona husoma "lakini" vizuri. Zikifika "lkn" huitaja herufi moja moja au hutoa mlio usioeleweka. Hata wewe mwenyewe, miezi mitatu baadaye, ukitafuta neno "risiti" kwenye mazungumzo ya simu yako, hutaiona ile "rst".

Nirudi kwenye meseji ya asubuhi ile. Aliyesoma "nilimlipa" ndiye aliyepatia: mwandishi alimkabidhi hela mtu amlipie, na mtu huyo alikuwa hajalipa. Tungelijua hilo ndani ya dakika tano kama tungemuuliza vizuri. Jibu letu la kwanza kwake, lililokuwa limeandaliwa tayari kwenye kompyuta, lilisema: "Tafadhali tuma TRN ya muamala husika kupitia DM." Kimya kikatanda kwa muda wa saa tatu. Kisha akaandika, safari hii kwa irabu karibu zote: "TRN ndio nini? Na DM iko wapi?"

TRN ni namba ya kumbukumbu ya muamala, na DM ni ujumbe wa faragha. Mstari ule tumeufuta. Sasa unasomeka: "Tutumie hapahapa ile namba ndefu iliyo kwenye meseji uliyopata baada ya kulipa. Kama kuna mtu alikulipia, tuambie."