Kimraba cha cheti cha chanjo hakikufuatilii

Kuna ujumbe usiokauka kwenye magrupu ya WhatsApp, Busia hadi Kampala: eti Marekani ilizuia fedha za vyeti vya chanjo vya kidijitali baada ya kugundua kuwa kile kimraba cha madoadoa meusi, msimbo wa QR, humfuatilia mwenye cheti kila aendako.

Msimbo wa QR ni maandishi yaliyochorwa, basi. Hauna betri wala antena. Jaribu mwenyewe: zima data, uelekezee kamera ya simu. Utaona maneno au anwani ya tovuti. Kinachoweza kujua ulipo ni simu yenyewe na programu ulizoziruhusu, na hapo ndipo wengi huchanganya mambo (lakini hofu ya faragha si ujinga).

Habari ya Marekani ina chembe ya ukweli. Mwaka 2021 majimbo ya Texas na Florida yalizuia biashara kuwadai wateja uthibitisho wa chanjo ya korona. Texas iliamua kuzinyima mikataba ya serikali biashara zitakazokaidi. Hoja iliyotolewa ilikuwa uhuru na faragha, si kifaa kilichofichwa.

Ukiupokea tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mwombe aliyeutuma akuonyeshe sheria anayoitaja.