Msalaba wako si kipigo cha mumeo

Kuanzia Rungwe, ambako wamisionari wa Moravian walifika mwaka 1891, hadi Iringa mjini, mama anayepigwa na mumewe huambiwa: "Vumilia, dada, huo ndio msalaba wako." Wanaomwambia wanampenda. Lakini hilo si fundisho la Yesu.

Mwito wa Luka 9:23, wa kujikana na kujitwika msalaba kila siku, ni kwa anayetaka kumfuata Yesu. Mwanafunzi anajitwika mwenyewe, habebeshwi na mwenye fimbo. Yesu alisema hakuna anayemwondolea uhai wake, anautoa mwenyewe. Watu wa Nazareti walipotaka kumtupa chini kutoka ukingo wa kilima, alipita katikati yao akaenda zake. Wanafunzi aliwaagiza wakiteswa mji huu wakimbilie mwingine. Na Paulo, aliyeandika kwamba amesulubiwa pamoja na Kristo, alitoroka Dameski ndani ya kapu, na Yerusalemu alipokaribia kuchapwa mijeledi alidai haki ya uraia wake wa Rumi. Je, hakujikana?

Katika kujikana, kinachotakiwa kufa ni kiburi, uchoyo, kisasi. Mnunuzi wa parachichi Tukuyu akiacha kumpunja mkulima kwenye mizani, faida yake ikapungua, huyo amejikana.

Katika nyumba ya mama anayepigwa, basi, wa kwanza kuulizwa habari za msalaba ni mume. Waefeso 5:25 inamtaka ampende mkewe kama Kristo alivyojitoa kwa ajili ya kanisa. Inaniuma kwamba neno la msalaba huwafikia wake tu. Mama akienda kwenye dawati la jinsia polisi, mzee wa kanisa amsindikize.