Kujiendeleza kitaaluma kwa mkutubi: maana yake ni nini?

Mtu akisema "najiendeleza", wengi wetu huelewa jambo moja tu: amerudi chuo. Ana cheti, anatafuta stashahada. Ana stashahada, anatafuta shahada. Kwa wakutubi wa Tanzania safari hiyo mara nyingi hupitia Bagamoyo, kwenye chuo cha ukutubi kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Ni njia njema, lakini haimalizi maana ya neno.

Kujiendeleza kitaaluma ni kuongeza ujuzi wa kazi mfululizo, tangu kuajiriwa hadi kustaafu, kiasi kwamba msomaji anayefika mezani anahudumiwa vizuri kuliko mwaka jana. Semina ya siku mbili imo. Kukaa wiki moja katika maktaba nyingine ukijifunza wanavyowahudumia wasomaji wasioona kumo pia.

Ukutubi haujasimama. Aliyesomea kazi hii miaka ya 1980 alifunzwa kuandaa kadi za katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, na kuzipanga kwenye droo. Fasihi ya Kiswahili bado huwekwa namba 896.392 katika mpangilio wa Dewey wa kugawa vitabu kwa namba za mada, ule ulioanza mwaka 1876, ila katalogi yenyewe sasa iko kwenye kompyuta, pengine kwa Koha, programu ya bure iliyozaliwa New Zealand. Mwanafunzi naye anatafuta makala za majarida ambazo taasisi za nchi zenye kipato kidogo huzipata bure au kwa bei nafuu kupitia mpango wa mtandaoni wa Research4Life. Mkutubi ambaye hajawahi kuonyeshwa mlango huo atamwonyeshaje mwanafunzi huyo?

Sasa, kuhamasisha wafanyakazi wajiendeleze. Neno hili limezoeleka kwenye hotuba, na hapo ndipo linapopotea. Mfanyakazi huhamasika akipewa muda, akipewa ruhusa, na zaidi ya yote akipewa nafasi ya kutumia alichojifunza. Nimemwona mwenzangu akirudi kutoka mafunzo ya kompyuta akiwa na daftari limejaa, akakuta kompyuta pekee imefungiwa ofisini kwa mkuu. Baada ya miezi michache alikuwa amesahau karibu yote. Iliniuma, maana alikuwa na hamu kweli.

Jambo jingine ni nani anayechaguliwa. Semina yenye posho ikitangazwa, majina huelekea kuwa yale yale ya wakubwa, ilhali anayeazimisha vitabu na kupanga rafu kila siku ndiye anayekutana na maswali ya wasomaji. Yeye ndiye aanze.

Na wala si lazima kusubiri bajeti. Saa moja kabla ya kufungua mlango, mara moja kwa wiki, inatosha kuanzia: aliyetoka semina awafundishe wenzake, wiki inayofuata mwingine aonyeshe namna ya kukarabati kitabu kilichochanika mgongo, kisha mhudumu wa sehemu ya watoto aeleze vitabu gani watoto wanaviulizia na havipo.