Adhuhuri ya Tanga haiji saa sita kamili

Mama mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, aliniuliza swali ambalo nimelipenda tangu siku hiyo. Kama saa sita ndiyo katikati ya mchana, mbona adhana ya adhuhuri hailii saa sita? Hulia saa sita na dakika zake, na dakika zenyewe hubadilika mwaka mzima.

Jibu unaweza kulipata uani kwako. Simamisha kijiti kilichonyooka penye jua, ukihakiki wima wake kwa jiwe lililofungwa kwenye uzi. Kuanzia saa tano na nusu, tia alama ya chaki kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Kivuli kitafupika, kisha kitaanza kurefuka tena. Pale kilipokuwa kifupi kuliko pote ndipo jua lilipofika juu kabisa. Baada ya hapo, jua limepinduka, na wakati wa adhuhuri umeingia. Tanga, kwa wastani, hilo hutokea saa 6 na dakika 24. (Siku za mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba usihangaike: jua hupita utosini, na kijiti hakiachi kivuli cha maana.)

Saa ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Sisi tuko kwenye nyuzi 39. Dunia hugeuka nyuzi moja kwa dakika nne, basi jua likishapita kule hutuchukua dakika kama 24 kulipata. Tena Dunia haiendi mwendo mmoja katika njia yake kulizunguka Jua, na mhimili wake umeinama. Ndiyo maana mwanzoni mwa Novemba jua hupinduka kama saa 6 na dakika 7, na katikati ya Februari hukawia mpaka karibu saa 6 na dakika 38.

Lakini tukisema jua limekawia, tumelipima kwa kitu gani? Hapo ndipo fizikia inapoingia. Wakati haushikiki wala hauonekani. Tunachoweza ni kuchagua kitu kinachojirudia na kuhesabu marudio yake, halafu kuuliza kwa ukali: je, kinajirudia sawasawa?

Ning'iniza kufuli kwenye kamba ya sentimita 99, uisukume kidogo. Kutoka upande huu hadi ule itachukua sekunde moja. Kwa wazo hilo Mholanzi Christiaan Huygens alibuni saa ya pendulamu, yaani ya uzito unaobembea hivyo, mwaka 1656, na kwa mara ya kwanza watu wakawa na saa za kuaminika. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alifika na saa ya namna hiyo Cayenne, Amerika ya Kusini, mji ulio nyuzi 5 kaskazini mwa ikweta kama Tanga ilivyo nyuzi 5 kusini. Saa iliyokwenda sawa Paris ilichelewa kule kama dakika mbili na nusu kwa siku. Karibu na ikweta mvutano wa Dunia ni mdogo kidogo, basi pendulamu hubembea polepole. Saa ile ingeletwa Tanga, ingechelewa vivyo hivyo.

Kwa muda mrefu tegemeo likabaki Dunia yenyewe: sekunde ilikuwa sehemu moja ya 86,400 ya siku ya wastani. Na Dunia nayo si saa nzuri. Nenda Deep Sea, ufukweni hapa Tanga, siku za bamvua, yaani maji makubwa, utazame maji yakijaa na kupwa, yakipanda na kushuka kama mita tatu. Msuguano wa maji hayo, ukijumlishwa bahari zote, ni breki. Unairefusha siku kwa kama milisekunde (elfu za sekunde) mbili kila karne, na Mwezi nao husogea mbali nasi sentimita 3.8 kila mwaka. Mvuvi anayepanga safari kwa bamvua na maji mafu anatazama kila siku kile kilichoiondoa Dunia kwenye kazi ya kutunza saa.

Mwaka 1967 sekunde ilihamishiwa kwenye atomu ya sesiamu: ni muda wa mitetemo 9,192,631,770 ya mawimbi ya atomu hiyo. Atomu ya Tanga haina tofauti na ya Paris. Hata hivyo Einstein alikwisha kuonyesha kwamba mwendo na mvutano huathiri mpito wa wakati wenyewe. Saa za satelaiti za GPS, mfumo unaokiwezesha kifaa kujua mahali kilipo, ziko kilomita 20,200 juu yetu, na hutangulia zetu kwa mikrosekunde (milioni za sekunde) 38 kwa siku. Bila kusahihisha hilo, kifaa ambamo mvuvi amehifadhi mahali pa mwamba wake wa changu kingekosea umbali wake hadi kila satelaiti kwa kilomita kama kumi baada ya siku moja tu.

Ili saa za atomu zisiachane na Dunia, tangu 1972 dunia nzima imeongeza sekunde 27, moja moja. Ya mwisho iliongezwa tulipoingia mwaka 2017. Hapa ilikuwa usiku, sekunde moja kabla ya saa tisa. Mwaka 2022 mataifa yalikubaliana kwamba ifikapo 2035 mtindo huu uachwe, tofauti iruhusiwe kukua. Dunia ikiendelea kupunguza mwendo, baada ya karne moja hivi wastani wa adhuhuri ya Tanga utakuwa umesogea kutoka saa 6 na dakika 24 kuelekea dakika 25.