Usonji na lugha ya mwili: maswali ninayoulizwa Lamu

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Lamu, na mwenyewe nina usonji (autism). Maswali haya huulizwa na wazazi, na vijana wachache wanaojiulizia.

Mwanangu ana miaka 15, darasani yuko mbele, lakini hajui mtu amekasirika mpaka apigiwe kelele. Ni ukaidi?

Si ukaidi, wala hukumlea vibaya. Usonji ni tofauti ya ukuaji wa ubongo, na mtu huzaliwa nayo. Watu wengi husoma uso, sauti na mikono kwa pamoja bila kufikiri. Sisi mara nyingi tunapiga hesabu: nyusi zimekunjana, sauti imeshuka, amejibu kwa neno moja, basi huenda ameudhika. Hesabu ikikamilika, mazungumzo yameshahama. Ongeza kelele za injini za boti pale gatini na hesabu yenyewe inapotea.

Nimfundishe kumtazama mtu machoni?

Mimi nasema usimlazimishe. Wengi wetu tukitazama macho hatusikii tena linalosemwa. Isitoshe, mtoto wa Kiswahili hulelewa ainamishe macho mbele ya mkubwa. Amkazie babu macho huku akimwamkia, aone atakavyoambiwa! Kuepuka macho kumo kwenye orodha nyingi za dalili za usonji, ila hiyo peke yake haitoshi kumwambia mtu ana usonji. Amgeukie tu anayezungumza naye, atazame paji la uso au mikono.

Sasa aanze wapi?

Aanze na mtu mmoja, mahali pamoja. Mimi nilianzia Mkunguni, mbele ya Ngome, wazee wanapokaa. Nilimchagua mzee mmoja nikamtazama siku nyingi akiwa ametulia: anavyokaa, anavyoshika kikombe cha kahawa, sauti yake ya kawaida. Bila kujua kawaida yake, ishara moja haikuambii kitu. Aliyekunja mikono huenda anasikia baridi ya kusi tu. Tafuta badiliko, tena mabadiliko mawili matatu yaliyokuja pamoja.

Mzee wangu akichoka na maneno, kwanza majibu yanakuwa "ehee", halafu anatafuta makubadhi kwa vidole vya mguu bila kuangalia chini, mwisho anapiga mapaja kwa viganja na kusema "Haya!" Kwa miaka nilidhani "haya" ile ni ruhusa ya kuendelea, nami nikaendelea. Siku hizi miguu ikianza kutafuta makubadhi, namalizia.

Ukishindwa kusoma, uliza: "Nikuache upumzike?" Hakuna aliyewahi kunikasirikia kwa swali hilo.

Shangazi zake wanavaa ninja. Atasoma uso upi?

Asikilize sauti, aangalie mikono na mabega. Kwangu mimi ni nafuu, uso mzima una mambo mengi mno. Na mwanamke akiweka mkono kifuani badala ya kuupokea wako, hajakuchukia. Ni salamu hiyo.

Akipita watu wanakula wakamwambia "karibu", anakaa kweli!

Nami nilikaa, mara nyingi tu. Mfundishe jibu: "Ahsante, starehe." Kisha mfundishe kutazama mwili wa aliyekaribisha. Akisogea kukupa nafasi, au akikushika mkono, amekusudia. Akisema karibu huku mkono ukirudi sahanini, hiyo ni adabu, pita.

Kazi yote hii ni ya mwenye usonji peke yake?

Hapana, na hapa ndipo ninapogombana na watu. Mwaka 2012 Damian Milton, mtafiti wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: sisi hatuwasomi nyinyi vizuri, na nyinyi hamtusomi sisi. Mimi nikifurahi natikisa vidole na uso unabaki vilevile. Watu huniuliza nimenuna kwa nini. Nasi Waswahili kwa mafumbo hatujambo: mtu ana neno na jirani, anavaa kanga yenye maandishi, anapita nayo mlangoni mara tatu. Kwa mwenye usonji ni kanga nzuri, basi. Mwambie kwa mdomo: "Nimeudhika kwa sababu ulinikata kauli." Utamwokoa siku nzima ya kubahatisha.

Akirudi kutoka shule au harusini anajifungia chumbani, hataki kusemeshwa.

Amechoka. Kusoma watu kwa hesabu na kuficha usonji wako usionekane ni kazi kama kubeba mawe ya matumbawe. Mwache kwenye giza na kimya, chakula kimngojee. Lakini akikosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki mbili, au akisema hataki kuishi, usingoje: mpeleke hospitali ya King Fahd au kituo cha afya kilicho karibu. Kuficha usonji kwa muda mrefu huambatana na wasiwasi na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na hayo yana matibabu. Usonji wenyewe hauna dawa ya kuuondoa. Anayekuuzia ya namna hiyo, iwe ya chupa au ya kufukiza, mpe salamu uende zako.